Rivolva ya stenlesi na vibao vyake: linganisha mng'ao kabla ya rangi

Swali: Nina rivolva ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya risasi za .357 Magnum, mtutu wa inchi nne, chuma chake kimesuguliwa kwa brashi. Ilikuja na kipini cha mpira mweusi. Inashikika vizuri, lakini sura yake ni ya kifaa cha karakana tu. Nataka vibao vya kipini vitakavyoipendezesha bila kuniharibia ulengaji. Mmoja ameniambia niweke mpingo, mwingine pembe ya bandia, wa tatu anasema chuma cheupe na mbao havipatani kabisa. Naipiga uwanjani tu, kwa shabaha, na viganja vyangu vinatoka jasho sana. Nichague nini?

Jibu: Ndugu yangu, niruhusu nianze na huyo wa tatu, kwa sababu dai lake linasikika kila mahali na lina chembe ya ukweli. Chuma kilichotiwa weusi wa buluu na mbao ya wolnati vinaelewana bila msaada wa mtu. Vyote vimekolea, vyote vina kina, na jicho linatoka huku kwenda kule bila kujikwaa. Stenlesi haina kina hicho. Ni kijivu, na kijivu hakina msimamo wake: kiweke karibu na mbao nyekundu kitaonekana cha ubaridi, kiweke karibu na kitu cha buluu kitaanza kuonekana kama kina manjano ndani yake. Kwa hiyo mbao ya hudhurungi isiyo nyekundu wala manjano, ambayo juu ya chuma cheusi ingetulia vizuri, juu ya stenlesi huweza kuonekana imechakaa, kama imechomolewa kwenye silaha nyingine. Tatizo ni kwamba watu wanachagua mbao za stenlesi kwa macho waliyoyazoeza kwenye chuma cheusi. Mbao zenyewe hazina kosa.

Na macho hayo yana historia yake. Rivolva ya kwanza ya stenlesi kutengenezwa kwa wingi, Model 60 ya Smith & Wesson, ilitoka mwaka 1965. Kabla ya hapo, aliyetaka bastola nyeupe alinunua iliyopakwa nikeli, au fedha kama alikuwa nazo. Ladha ya kuweka pembe za ndovu na gamba la chaza juu ya bastola nyeupe ilizaliwa enzi hizo. Jenerali Patton wa Marekani, kwa mfano, alijulikana kwa Colt yake yenye vibao vya pembe vilivyochongwa herufi za jina lake, na bastola ile ilikuwa imepakwa fedha. Nikeli ina umanjano kidogo, fedha nayo ina joto lake, ndiyo maana pembe ilikaa vizuri juu yake. Stenlesi iko baridi zaidi. Pembe ileile, au ya bandia yenye rangi ileile, ikiwekwa juu ya stenlesi huonekana ya manjano kuliko ilivyo. Aliyekushauri pembe ya bandia huenda ana picha ya nikeli kichwani.

Sasa jambo lenyewe. Karibu kila anayeniuliza swali hili huanza na rangi: nyeusi, nyekundu, nyeupe, ya kijani? Mimi huwarudisha nyuma hatua moja. Kitu cha kwanza cha kulinganisha ni mng'ao, rangi baadaye. Vibao vilivyopakwa vanishi nzito inayometameta, vikifungwa kwenye chuma kisichometa, vitaonekana vya plastiki hata kama ni mbao ya thamani kubwa. Na vibao vikavu visivyong'aa, vikiwekwa kwenye chuma kilichong'arishwa hadi ujione uso, vitaonekana havijamalizwa. Jicho husamehe rangi mbili zisizofanana, tena hupenda zikitofautiana. Halisamehi nyuso mbili zinazoupokea mwanga kwa namna mbili zisizohusiana. Fanya jaribio dogo: ishike bastola yako, ukiwa umeshahakikisha haina risasi, chini ya taa moja, uizungushe taratibu. Kwenye chuma kilichosuguliwa kwa brashi utaona mwanga ukinyooka kuwa ukanda mrefu unaotembea juu ya mtutu. Kwenye chuma kilichopigwa shanga ndogo za kioo kwa upepo wa mgandamizo, mwanga hautembei, unatawanyika na kufa palepale. Kwenye kilichong'arishwa, utaiona taa yenyewe. Sasa chukua kibao unachokitaka ukizungushe vivyo hivyo. Kama mwanga unafanya kazi inayokaribiana na ile ya kwenye chuma, umeshamaliza nusu ya uchaguzi.

Chuma chako ni cha brashi, kwa hiyo unachotafuta ni uso wa katikati: wenye uhai kidogo lakini usiometa. Mbao iliyopigwa msasa laini kisha ikasuguliwa kwa nta, au kwa mafuta yaliyokauka ndani badala ya kukaa juu, huwa na mng'ao huo hasa. Kama vibao unavyovipenda vinakuja na vanishi ya kumeta, si lazima uviache. Pamba ya chuma iliyo laini kabisa, au pedi ya nailoni ya kusugulia, ikipitishwa juu ya vanishi kwa mkono mwepesi ukifuata nyuzi za mbao, itaondoa umetaji na kubakiza ulinzi.

Na hapa stenlesi inakupa kitu ambacho mwenye chuma cheusi au cha nikeli hana. Rangi ya stenlesi si koti, ni chuma chenyewe hadi ndani. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaojijenga upya wenyewe chuma kikikwaruzwa na kupata hewa. Maana yake ni kwamba unaweza kubadili mng'ao wa bastola ufuate vibao. Mtu akipenda kung'arisha, atatumia dawa ya kung'arishia metali na kitambaa. Akichoka, atapitisha pedi ya nailoni kwa upande mmoja, kuufuata urefu wa mtutu na fremu, na mistari ya brashi itarudi. Uso wa kupigwa shanga ndio pekee unaohitaji kurudi kwa fundi. Tahadhari ni mbili tu: usizibe wala kuviringisha kingo za maandishi na namba, na usiguse sehemu zinazosuguana, hasa pale silinda inapokutana na fremu.

Kabla ya kusugua chochote, lakini, hakikisha ni stenlesi kweli. Kuna rivolva nyepesi zenye silinda na mtutu wa stenlesi lakini fremu ya aluminiamu iliyopakwa rangi ifanane nayo. Chukua sumaku. Stenlesi nyingi za bastola ni za aina inayoshikwa na sumaku, aluminiamu haishikwi. Fremu ikiikataa sumaku, weka pedi chini, maana ukiisugua utaondoa koti ambalo halirudi. Yako, kwa uzito wa .357 na mtutu wa inchi nne, ina uwezekano mkubwa kuwa chuma kitupu, lakini jaribio halina gharama.

Ukishamaliza mng'ao, sasa angalia weusi. Stenlesi nyingi hazina rangi moja tu. Kilengeo cha nyuma mara nyingi ni cheusi, cha mbele pengine kina doa jekundu, na nyundo na kifyatulio huweza kuwa na rangi za moto, kijivu chenye mawimbi ya buluu na kahawia. Kama kilengeo chako ni cheusi, kipini cheusi kinapata mwenzake upande wa pili wa bastola na sura yote inafungamana. Hiyo ndiyo siri ya mpira mweusi wa kiwandani kutokuwa mbaya machoni, hata kama unauona wa karakana. Kama nyundo na kifyatulio vina rangi za moto, mbao ya hudhurungi iliyokolea ndiyo inayozipokea. Ukiwa na stenlesi tupu, kila kitu cheupe hadi kilengeo, hapo rangi yoyote ya kipini itasimama peke yake, na ni bora iwe ya kukolea kuliko ya kupauka.

Usidharau skrubu. Vibao vingi vya mbao huja na skrubu na vikombe vyake vya shaba nyeupe au njano, na vingine vina nishani ndogo ya kiwanda ya rangi ya dhahabu. Kitone kimoja cha dhahabu katikati ya kijivu chote kile hulivuta jicho kuliko kibao chenyewe. Tafuta skrubu ya stenlesi na nishani ya fedha, au isiyo na nishani kabisa. Gharama ni ndogo mno kulinganisha na tofauti utakayoiona.

Tuje kwenye mpingo. Aliyekushauri hakukosea, ila sidhani alikueleza unachopata. Mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, ni mbao nzito kiasi cha kuzama majini, ngumu, na yenye mafuta yake ndani. Ndiyo mbao ya zumari na klarineti, kwa sababu inakubali kuchongwa kwa vipimo vya karibu sana na haiyumbi hovyo unyevu ukipanda na kushuka. Kwa kipini, tabia hizo zote ni faida. Kingo zake hukaa kali pale zinapokutana na chuma, na mikato ya almasi (mistari inayokatana na kuacha vichwa vidogo vya kushikika) ikichongwa juu yake haimeguki vichwa kirahisi. Ukiusogeza karibu na dirisha utaona si mweusi mtupu: kuna mistari ya kahawia iliyoiva, mara nyingine yenye uzambarau, inayotokea na kupotea kadiri unavyouzungusha. Mistari hiyo ndiyo inayoutofautisha na plastiki nyeusi, na ndiyo itakayoondoa ukarakana unaokusumbua, huku weusi ukibaki kufanya kazi yake na kilengeo.

Ukitengenezewa, mwambie fundi asiupake vanishi. Mafuta ya mbao yenyewe huzuia vanishi nyingi kushika na hata mafuta ya kitani kukauka. Apige msasa kwa hatua, kisha asugue kwa kitambaa na nta kidogo. Ukiishia kwenye msasa wa wastani utapata mng'ao wa satini unaolingana na brashi ya chuma chako. Ukienda mbali zaidi mpingo utang'aa wenyewe hadi utamani kuung'arisha na mtutu. Acha njiani. Avae barakoa pia, kwa sababu vumbi la mpingo na ndugu zake linajulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua pumzi.

Kuhusu ndugu zake: kokobolo, wa jenasi hiyohiyo ya Dalbergia, ndio utakaokutana nao sana kwenye picha za rivolva za stenlesi. Ni mwekundu wa chungwa wenye mistari myeusi, na juu ya kijivu huwaka. Watu huununua kwa rangi hiyo. Wasiloambiwa ni kwamba mwanga na hewa huufanya ukolee taratibu kuelekea hudhurungi nzito, kwa hiyo unachokinunua leo si utakachokuwa nacho baada ya muda. Mimi naupenda zaidi ukishaiva, lakini anayetaka ule uchungwa abaki nao ajue hataupata. Zambarau ya mti wa amaranti ina tabia hiyohiyo, nayo ikiiva inakuwa kahawia ya kawaida kabisa.

Karibu jenasi yote ya Dalbergia iliwekwa mwanzoni mwa 2017 kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; yaani inauzwa nje ya nchi kwa kibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika na kwa shehena ndogo za bidhaa zilizokamilika, zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo. Seti moja ya vibao haifiki hata robo kilo, lakini ukiagiza kutoka nchi nyingine, mwambie muuzaji aandike jina la mbao kwenye karatasi za mzigo, na uulize forodha yako inataka nini kabla ya kulipa, si baada.

Wolnati nimeshaisema. Sikukatazi, ila juu ya stenlesi itafute ile iliyokolea, yenye mishipa myeusi inayoonekana, na iwe na mikato ya almasi, kwa sababu mikato huvunja uso na kuutia kivuli. Wolnati ya rangi moja, laini, isiyo na mkato, juu ya stenlesi ya brashi, ndiyo sura ninayoiona imepooza kuliko zote. Mbao nyeupe kama mepo (maple) hufaa tu chuma kilichong'arishwa. Kwenye brashi inayeyuka ndani ya kijivu na bastola inaonekana haina kipini. Mzeituni, wenye mistari ya kahawia juu ya umanjano, una wapenzi wake, nami si mmoja wao kwa stenlesi. Mbao za tabaka zilizogundishwa kwa gundi ya viwandani, zile zenye mistari ya kijivu na nyeusi, zinalingana sana na stenlesi kwa rangi na hazijali jasho. Tabu yake ni mistari iliyonyooka mno inayokwenda njia moja wakati kipini kinapinda njia nyingine, na karibu daima huja zikiwa na mmeto wa juu. Zipunguze mmeto zitakufaa.

Pembe halisi za ndovu tuziache. Biashara yake ya kimataifa ilifungwa na CITES mwaka 1989 ndovu wa Afrika alipowekwa Kiambatisho I, na hata anayeuza za zamani anapaswa kuwa na karatasi. Pembe za mamothi, zinazofukuliwa kwenye ardhi iliyoganda, haziko kwenye mkataba huo, lakini baadhi ya majimbo ya Marekani, New York na California yakiwemo, yanazizuia pia. Zinatofautishwa na za ndovu kwa kona za mistari inayokatana ukikata pembe kwa upana: ya mamothi hukutana kwa nyuzi chini ya 90, ya ndovu zaidi ya 115. Mistari hiyo huonekana kwenye sehemu iliyokatwa kwa upana tu, na kibao cha kipini hukatwa kwa urefu, kwa hiyo usimwamini anayekuonyesha pembeni ya kibao na kukwambia anaiona. Pembe ya bandia ya rezini haina matatizo haya, na iliyotengenezwa vizuri ina mistari hafifu ndani yake badala ya weupe wa sahani. Ikiwa utaelekea huko, chagua yenye weupe wa baridi, epuka ile iliyotiwa umanjano wa kujifanya mzee, na kumbuka inadai chuma kilichong'arishwa. Gamba la chaza ni baya zaidi kwa brashi: linameta rangi kumi na chuma kimetulia. Na vyote viwili vikiwa laini huteleza kwenye kiganja chenye jasho. Kwa hali yako, jibu langu kwa mshauri wa pili ni hapana.

Kwa kiganja kinachotoka jasho kweli, kuna kitu ambacho hakuna aliyekutajia: Micarta. Ni tabaka za turubai, kitani au karatasi zilizoloweshwa rezini na kugandamizwa kwa joto, kitu ambacho viwanda vya umeme vilianza kukitumia kuzuia umeme mwanzoni mwa karne ya 20. Ile ya turubai ndiyo unayoitaka. Ikiachwa na msasa wa wastani, nyuzi za kitambaa hubaki juu kidogo, na zikipata unyevu zinashika zaidi badala ya kuteleza. Kwa sura, haimeti hata kidogo, na mahali inapopinda kwenye kiganja utaona duara za tabaka zikijipanga kama mistari ya ramani ya milima. Ya kijani iliyokolea au kahawia ya kahawa hukaa vizuri mno juu ya brashi. Ijue tabia moja: ikikauka hupauka, ikipata mafuta au jasho hukolea, kwa hiyo itakuwa na madoa ya mkono wako mpaka ienee. Wengine hupenda hilo. Asiyependa huipaka mafuta kidogo yote mara moja. G10, ambayo ni kitambaa cha kioo na rezini ya epoksi, ni ngumu zaidi na haibadiliki rangi, na ikichongwa mikato mikali hushika mpaka inauma. Kwa .357 uwanjani, mikato ya wastani inatosha.

Haya yote yanakufa, hata hivyo, kama umbo halikufai. Shika bastola tupu, tazama mahali ncha ya kidole cha shahada inapofika kwenye kifyatulio. Kipini cha mpira cha kiwandani wakati mwingine hufunika mgongo wa chuma wa kipini, na kikiufunika huongeza umbali kutoka kiganjani hadi kwenye kifyatulio. Vibao vya mbao vya umbo la kawaida huuacha mgongo huo wazi na kufupisha umbali. Mwenye vidole vifupi hushukuru. Lakini chuma kilicho wazi hupeleka teke lote moja kwa moja kwenye mfupa wa kiganja, na kwa risasi nzito za .357 utalijua. Angalia pia nafasi nyuma ya kilinda kifyatulio: vibao vyembamba huiacha tupu, na kilinda hicho hukigonga kidole cha kati kila bastola inaporuka. Kuna vijazo vidogo vya aluminiamu vinavyofungwa hapo chini ya vibao, na kimoja cha rangi ya fedha kwenye stenlesi huonekana kama kilizaliwa nayo. La sivyo chukua vibao vya shabaha, vinavyojaza nafasi hiyo kwa mbao yenyewe.

Mgongo wazi una kazi ya sura pia. Ule ukanda wa kijivu unaoshuka kutoka nyuma ya nyundo hadi kitakoni hukipa kibao cheusi fremu pande zote, na ndio sababu mpingo juu ya rivolva yenye mgongo wazi unapendeza kuliko mpingo uleule uliofunika kila kitu.

Ila hilo linategemea aina ya fremu yako, ambayo hukuitaja. Kwenye Smith & Wesson fremu hupangwa kwa herufi: J ndogo, K na L za kati zenye kipimo kimoja cha kipini, N kubwa. Kitako kinaweza kuwa cha mraba au cha mviringo, na tangu miaka ya 1990 kiwanda kimeegemea cha mviringo. Vibao vya mviringo haviingii kwenye mraba. Kuna vya kubadili mviringo uonekane mraba, vinavyofunika chuma. Kwenye Ruger GP100 hali ni nyingine kabisa: chini ya kipini kuna kijiti kifupi tu cha chuma, hakuna mgongo wa kuachwa wazi, na kipini chote ni cha kitu utakachochagua. Hapo mbao inakuwa nyingi machoni, kwa hiyo usiweke kitu cheusi tupu. Mpingo wenye mistari mingi, au kokobolo iliyoiva, itavunja ule wingi. Na kama unapakia kwa spidiloda, kifaa cha kuingiza risasi zote kwa mara moja, kibao cha kushoto lazima kiwe kimechongwa shimo la kuipitisha karibu na silinda. Picha za dukani mara nyingi huonyesha upande wa kulia. Dai picha ya kushoto.

Vibao vikifika, toa risasi zote, fungua silinda uhakikishe kwa macho na kidole. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu. Kutoa vibao vya zamani usivichokonoe kwa kisu: legeza skrubu mizunguko michache bila kuitoa, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi, kibao cha upande wa pili kitasukumwa nje chenyewe. Kuna skrubu nyingine ndogo mbele ya kipini cha Smith & Wesson, chini ya vibao; hiyo inakaza springi ya nyundo. Usiiguse. Ikilegea, nyundo hupiga kwa unyonge na risasi huanza kugoma kulipuka.

Kifunge kibao kipya kwa vidole tu, kisha weka taa nyuma yake. Mwanga ukipita kati ya mbao na chuma kwa mstari mwembamba sawasawa, ni kazi nzuri. Ukiona pana juu na umefungwa chini, kibao kimekalia kitu, mara nyingi pini ndogo ya kitakoni. Usikaze skrubu kwa nguvu kulazimisha, utakipasua. Rudisha kwa fundi au panua tundu la pini kidogo. Mbao kuzidi chuma kwa unene wa karatasi si kosa. Kuwa chini ya chuma ndiko kunakoonekana vibaya na kukwaruza kiganja.

Na kwa jasho lako: stenlesi hushika kutu, polepole, na mahali inapopenda kushikia ni chini ya kipini, ambapo chumvi na unyevu hukwama bila hewa. Kabla ya kufunga, paka nta nyembamba kwenye chuma chote kitakachofunikwa, na uvifungue mara kwa mara baada ya misimu ya kupiga sana. Vimiminika vya kusafishia mtutu visiguse mbao. Funga kipini kitambaa unaposafisha.

Kwa hiyo, kama fremu yako ina mgongo wa kuachwa wazi: mpingo, uso wa satini, mikato ya almasi ubavuni, skrubu ya stenlesi, umbo la shabaha. Kama jasho lako ni lile linalodondoka mpaka kwenye kilinda kifyatulio, ruka mpingo, chukua Micarta ya turubai ya kijani iliyokolea na usiing'arishe. Ule mpira usiutupe. Siku za risasi nzito za .357 urudishe, maana mpira hubonyea na kulirefusha teke, kazi ambayo hakuna mbao inayoiweza. Katikati ya hapo uoshe kwa maji na sabuni, ukauke, uuhifadhi gizani mbali na mafuta ya bunduki, la sivyo utaukuta unanata.